Siku Niliyokwenda Hotelini Bila Yai Hata Moja

Ghala lile lilikuwa la bati tupu, limeinama upande mmoja, na panya wake walikuwa wakubwa kiasi kwamba paka wa jirani aliacha kuingia. Kijiji kililijenga kwa ajili ya ngano, kisha kikalisahau. Siku tulipoomba kuweka kuku wetu humo, wanawake kumi na watatu, hakuna aliyelihitaji. Tulifagia uchafu wa panya siku mbili, tukaziba matundu kwa udongo na mavi ya ng'ombe, tukafunga vichanja vya kulalia kuku. Kuku walipoanza kutaga ndipo watu wakakumbuka kwamba kumbe lile ni ghala la kijiji! Nasema hivi bila kupunguza neno, maana wengi wao wamekwisha kufa na waliobaki wanajua ni kweli.

Miaka ile mpaka wa kaskazini ulikuwa umefungwa. Magari ya watalii yaliyokuwa yakitoka Nairobi yalikoma, sukari ilipatikana kwa foleni, sabuni tulikuwa tunaisikia redioni. Migahawa ya Karatu iliyokuwa ikinunua mayai yetu ilifunga mmoja baada ya mwingine, kwa sababu chai isiyo na sukari nani ataifuata mjini? Mayai yakabaki mikononi mwetu. Mnunuzi mkubwa alikuwa mmoja tu: hoteli ya watalii kule juu, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, ambako kulima kumekatazwa na kila jani la mboga linapandishwa kwa gari.

Mwenyekiti wa kijiji akasema kuzungumza na hoteli ni kazi ya wanaume. Akaenda yeye na wazee wawili, wamevaa makoti, wamebeba kapu la mayai yetu. Walirudi jioni. Kesho yake akaitisha mkutano.

"Ndugu wananchi," akasema, "hoteli haihitaji mayai. Kwa hiyo ngano ikivunwa, ghala litarudi kwenye kazi yake, na kuku watagawanywa."

Kugawanywa! Kila mtu pale alijua kuku wa kugawanywa huishia kwenye chungu cha nani. Nikanyanyua mkono.

"Mwenyekiti, walikataa kwa maneno gani?"

"Mama, nimesema hawahitaji."

"Nimesikia. Nauliza walisemaje. Aliyesema ni nani?"

Mmoja wa wale wazee wawili, mzee mwenye fimbo nyeupe, akawa anaangalia viatu vyake. Mwenyekiti akacheka, akawageukia watu.

"Mmemsikia huyu mama? Anauliza kama polisi."

Watu wakacheka, na wanawake wenzangu watatu wakacheka nao. Damu ikanipanda. Nikasema mbele ya wote kwamba nitakwenda mwenyewe na nitarudi na mnunuzi.

"Vema sana," akasema mwenyekiti. "Ngano ikivunwa hujaleta barua ya hoteli yenye mhuri, ghala linarudi. Na mkono wako nisiuone tena umenyanyuka katika mkutano huu."

"Sawa," nikasema.

Nilikuwa mjinga? Labda. Lakini nilikuwa na hasira, na hasira yangu haijawahi kuniomba ruhusa.

Aliyenikasirikia zaidi ya mwenyekiti alikuwa mama mkwe wangu. Yeye alizaliwa upande wa Qurus, akaolewa kwetu akiwa binti mdogo, na tangu hapo, alivyopenda kusema mwenyewe, hajawahi kumuuliza mtu swali lisilo la salamu. Kwetu Wairaqw mgeni mwenye haja haitoi haja yake mlangoni. Anaketi. Anaulizwa mvua, anaulizwa ng'ombe, anapewa kitu cha kutia mdomoni. Halafu mwenye nyumba ndiye anayeuliza: haya, mmetujia na neno gani? Kabla ya hapo ukisema haja yako umejivunjia heshima. Na kuulizia mambo ya ndani ya nyumba ya mwenzako, ana kiasi gani, anakosa nini, hiyo ilihesabiwa kuwa tabia ya mchawi.

"Mke wa mwanangu," aliniambia siku hiyo, anachambua mboga bila kuniangalia, "mdomo wako utatufukuzisha hapa."

"Mama, nitakwenda kwa adabu."

"Adabu gani wewe? Adabu umeiacha mkutanoni. Kaichukue kwanza."

Nilikwenda. Nilipanda lori la kokoto la watu wa barabara, kapu la mayai nimelipakata kama mtoto mchanga. Langoni, pale unapoingia hifadhini, askari alinisimamisha akaniuliza natoka wapi, nakwenda kwa nani, nimebeba nini, nitarudi lini na kwa gari gani. Nilimjibu yote. Nilimwona ni mtu wa kuudhi tu.

Mpishi mkuu wa hoteli alikuwa mtu mzima kutoka Tanga, Mwislamu, kofia nyeupe ya kazi na chini yake kofia nyingine ya kusalia. Kiswahili chake kilikuwa kinateleza. Changu nilikisoma darasani, kilikuwa kinapanda milima. Baridi ya kule juu iliingia mpaka jikoni na ukungu ulikuwa umelala dirishani.

Sikusubiri kuulizwa. Nilisema. Nilisema mayai yetu ni makubwa, ni ya kuku wanaokula ngano, kiini chake kizuri, hakuna mayai kama yetu Karatu nzima. Nilisema mpaka koo likakauka. Yeye alikuwa ananisikiliza huku anafuta kisu.

"Hebu tuone," akasema.

Akachukua matano, akaanza kuyavunja kwenye kikombe, moja moja. La kwanza zuri. La pili zuri. La tatu lilitoa harufu hata kijana wa kuosha sufuria akakimbilia dirisha. La nne lilikuwa maji matupu. La tano, mama yangu! La tano lilikuwa na kifaranga chenye manyoya.

"Bibi," mpishi akasema taratibu, "huyu ulipaswa kumletea mtama."

Jiko zima lilicheka. Nilitamani ardhi ya Ngorongoro ipasuke mara ya pili initie ndani.

Sasa nieleze kosa letu, maana ni kosa ambalo tungeweza kulifanya sisi tu. Mama zetu hawakula mayai, na sisi hatukula. Mwanamke akila yai, tuliambiwa, atazaa mtoto asiye na nywele. Yai kwetu lilikuwa kuku ambaye hajafika bado. Tulikuwa tunakusanya mpaka kapu lijae, siku kumi na tano, siku ishirini, na mengine tuliyatoa chini ya kuku aliyekwisha kuatamia. Kwa mawazo yetu yai lililokaa limekaribia kuwa kuku, kwa hiyo lina thamani kuliko la jana. Wanawake kumi na watatu tulikuwa tunauza kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukionja.

Nilishuka na kapu langu. Langoni askari yule yule akaniuliza: umeuza? Mbona umerudi nayo? Amesemaje? Utapanda tena lini? Nikiwa namjibu, nimenuna, kitu kikanigonga kichwani. Huyu mtu amenijua mimi mzima kwa dakika mbili. Anajua natoka wapi, nina nini, nimeshindwa wapi. Na mimi nimekaa na yule mpishi nusu ya siku, sijui hata mayai anayopika leo yametoka wapi. Mimi nilijaa sifa za kuku wangu tu.

Nilicheka peke yangu juu ya lori. Dereva akaniuliza kama naumwa.

Wiki iliyofuata nilipanda tena. Wenzangu walipoona naondoka mikono mitupu walishika vichwa. Mmoja akasema, "Huyu sasa amechanganyikiwa, anakwenda kuuza nini?" Mama mkwe aligeuka akaingia ndani.

"Mayai yako wapi leo?" mpishi aliniuliza aliponiona mlangoni, tayari anatabasamu.

"Leo siuzi, baba. Nimekuja kuuliza."

"Kuuliza nini?"

"Yai bovu unalijuaje kabla hujalivunja?"

Nadhani hakuna mtu aliyewahi kumwuliza mpishi yule kitu cha kazi yake. Wageni waliuliza chakula kitakuwa tayari lini, meneja aliuliza kwa nini hakijawa tayari. Akavuta bakuli, akatia maji, akaniita karibu. Akatumbukiza yai: likazama, likalala ubavu. "Hili la juzi." Akatumbukiza lingine: likazama lakini likasimama. "Hili limekwisha kukaa, la kukaangwa leo, si kesho." La tatu likaelea. "Na hili la kwako," akasema, na safari hii nilicheka naye.

"Haya ya sasa unayapata wapi?"

"Zamani Nairobi. Siku hizi Arusha."

"Yanakuja na gari gani?"

"Gari la vinywaji. Yanakaa juu ya kreti za soda."

"Yanafikaje?"

Alichukua ufunguo akanipeleka stoo. Alifungua boksi, na nikaona mwenyewe: mayai yamegandamana, ute umekauka kwenye maboksi, siafu wanapanga foleni kama sisi kwenye sukari. Barabara ile ya kupandia ukuta wa bonde juu ya Mto wa Mbu tuliijua wote. Mifupa ya binadamu ilikuwa inalia, sembuse yai.

Ulimi uliniwasha. Nilitaka kusema pale pale, sisi tuko karibu, sisi tutakuletea mazima. Nikaumeza huo ulimi. Nikauliza tena.

"Siku gani unakosa kabisa?"

"Mvua ikinyesha. Gari likikwama chini, siku mbili, tatu."

"Mgeni akitaka yai asubuhi na hakuna, unampa nini?"

"Nampa pole."

"Naye akipewa pole anafanyaje?"

Yule baba akavua kofia ya juu, akabaki na ile ya kusalia. Akakaa kwenye gunia la vitunguu.

"Anaandika," akasema. "Kuna kitabu pale mapokezi. Wageni wanaandika waliloona. Meneja anakisoma kila asubuhi kabla hajanywa chai, halafu ananiita. Juzi kaniita mbele ya wahudumu, vijana niliowafundisha mimi kushika kisu. Kanisomea: hoteli nzuri, wanyama wazuri, jikoni hakuna mtu. Bibi, hakuna mtu! Miaka kumi na saba nasimama hapa."

Nikaona aibu kwa ajili yake, na nikaona aibu kwa ajili yangu, maana mara ya kwanza nilikuja kumwongezea mayai yaliyooza. Nilikuwa nimemwona ni mlango wa kuingizia kapu langu. Nilimwambia pole, nami sikuwa nampa pole ya mgeni wa asubuhi. Nilikaa kwenye gunia la pili.

Ndipo alipouliza yeye.

"Na wewe, bibi, yai unalipenda likaangwe au lichemshwe?"

"Sijawahi kula yai."

"Alaa! Na unaliuza?"

"Ndiyo nimekuja kuuliza."

Alisimama. Akachagua yai la kuzama na kulala, akalikaanga kwa samli kidogo, akaliweka kwenye sahani ya wageni, na uma. Wahudumu wakakusanyika kutazama. Nilikuwa na watoto watatu, wote wana nywele. Nikasema moyoni, wa nne akitoka kipara nitamvisha kofia. Nikala. Lilikuwa laini, zito, la chumvi, na kitu chenye joto kikashuka mpaka tumboni. Nilikasirika. Kweli kabisa, nilikasirika! Miaka yote ile nimebeba kitu kile kichwani, na hakuna aliyeniambia kina utamu gani.

Kabla sijaondoka niliuliza maswali mawili ya mwisho.

"Baba, ukisema wewe ndiyo, imekuwa ndiyo?"

"Hapana. Ndiyo ni ya meneja."

"Ukipata mayai mazima, ya kuzama na kulala, Alhamisi tatu mfululizo gari lenu likishuka Karatu, utamwambia nini meneja?"

Alifikiri. Kisha akasema maneno ambayo mimi nisingeweza kuyatunga hata nikipewa mwaka. "Nitamwambia kitabu kitanyamaza."

Aliponisindikiza mpaka nje alionyesha benchi iliyokuwa karibu na mlango wa jiko. "Wale wazee wa kwenu wenye makoti, walipata gari lao?"

"Wazee gani?"

"Watatu, walikuja na kapu. Walikaa hapa tangu asubuhi. Niliwapelekea chai, wakanishukuru. Nikadhani wanasubiri gari. Jioni nikatazama, hawapo."

Walikuwa wamesubiri kuulizwa! Walikaa kwa adabu, wakanywa chai kwa adabu, wakasubiri mwenye nyumba aseme mmetujia na neno gani, na mwenye nyumba alikuwa na sufuria nane motoni. Hawakukataliwa, na hawakuuliza. Kuwalaumu kwa kukaa siwezi, ndivyo tulivyolelewa. Lakini kuja kusimama mbele ya kijiji kusema hoteli imekataa, hapo ndipo mwenyekiti aliponiudhi.

Niliporudi nilikusanya wanawake ghalani, nikawasha moto, nikawachemshia mayai kumi na matatu. Loo, kelele! Wawili walitoka nje. Mmoja alikula amefumba macho. Mwingine alikula akalia, sijui kwa nini, sikumwuliza. Nikawaonyesha bakuli la maji. Kuanzia siku ile kila yai lilipigwa alama ya mkaa ya siku lililotagwa, na la kuku anayeatamia liliachiwa mwenyewe. Makapi ya ngano yalikuwa yamejaa kila mahali, hakuna aliyeyataka. Tukayatia kwenye madebe, tabaka la makapi, tabaka la mayai, mpaka juu, na kitambaa juu yake. Gari la hoteli lilikuwa linashuka Karatu kila Alhamisi kuchukua unga wa wafanyakazi. Madebe yetu yakapanda nalo.

Mama mkwe alisikia. Kijiji kizima kilisikia. Kwa siku nne hakuniita hata kwa jina la watoto wangu.

"Umewalisha wake za watu mayai," akasema hatimaye.

"Nimewalisha, mama."

"Na wewe umekula."

"Nimekula. Ningekula mawili kama lingekuwepo la pili."

"Shauri yako," akasema. Nikasema ndiyo, ni shauri yangu.

Alhamisi ya kwanza yalifika yote mazima. Alhamisi ya pili lilipasuka moja, na mpishi aliniletea salamu kwa dereva kwamba lile moja amelila yeye. Alhamisi ya tatu mvua ilinyesha, gari la Arusha likakwama kule chini, na meza za hoteli zililishwa na mayai ya kuku wa ghala letu. Mpishi akasema barua inaandikwa, meneja yuko Arusha, akirudi ataweka sahihi na mhuri.

Lakini ngano haikumsubiri meneja. Ilikauka. Mwenyekiti akaitisha mkutano Jumatatu.

Alisoma ajenda kwa sauti yake ile ya redio. Ghala. Akauliza kama kikundi cha akina mama kimeleta barua yenye mhuri. Alijua hatujaleta. Nilinyanyua mkono.

Hakuniona. Alitazama kushoto, alitazama kulia, alisema kama hakuna wa kuchangia tuendelee. Mkono wangu ulikuwa juu. Nilikuwa nimekubali mwenyewe, mbele ya watu, kwamba nikishindwa sitaunyanyua tena, na kwa hesabu yake nilikwisha kushindwa. Bega likaanza kuuma. Nikaushikilia kwa mkono wa pili. Ng'o, sikuushusha. Niliapa kwamba kama wanataka ushuke waje waushushe wao.

Sauti ikatoka nyuma, upande walikokaa bibi wazee.

"Mwenyekiti."

Nikageuka. Alikuwa mama mkwe. Alikuwa amesimama, ameshikilia shuka lake kifuani, na mkono wake mmoja uko juu. Mwanamke ambaye hajawahi kuuliza mtu swali lisilo la salamu.

"Mwenyekiti," akasema, "macho yako yana nini? Huuoni mkono wa mke wa mwanangu?"

Watu walicheka kidogo. Mwenyekiti akakohoa.

"Haya, mama, sema."

Sikuwa na barua. Sikuwa na hotuba. Nilikuwa na maswali mawili tu, na nilianza na lile la ghala.

"Mwenyekiti, ngano ya mwaka jana ililala katika ghala hili usiku ngapi?"

"Hilo si..."

"Usiku ngapi, mwenyekiti?"

Alijibu mwingine, mkulima aliyekaa kwenye jiwe. "Haikulala! Lori liliibeba shambani." Na wa pili: "Na mwaka juzi pia." Minong'ono ikasambaa. Nikaingiza la pili kabla haijaisha.

"Mlipokwenda hotelini, mliwauliza nini?"

Mwenyekiti alianza kupekua karatasi zake za ajenda. Sikumsaidia. Nilisimama tu. Nilikuwa nimejifunza jikoni kule kwamba ukishauliza, kazi yako ni kunyamaza. Kila mtu alikuwa anangoja jibu pamoja nami.

Mzee mwenye fimbo nyeupe akasimama. Ilimchukua muda.

"Hatukuuliza," akasema. "Tulikaa. Tulingoja kuulizwa. Tulipewa chai nzuri." Akatazama fimbo yake. "Hakuna mtu aliyekataa mayai yenu. Mimi nimechoka na jambo hili."

Akakaa. Mwenyekiti akasema kikao kiahirishwe, watu wakasema hakiahirishwi ng'o, ipigwe kura. Mikono ilinyanyuka kila upande, hata ya wale wenzangu watatu walionicheka. Kuku wabaki. Wangu ulikuwa bado juu tangu mwanzo, kwa hiyo sikuwa na haja ya kuunyanyua.

Barua ilikuja baada ya siku kumi, na mhuri wa rangi ya zambarau. Mwenyekiti aliisoma mara mbili akitafuta kosa. Nilimpa muda wote alioutaka.

Lakini siku ile ya mkutano tulirudi nyumbani mimi na mama mkwe, yeye mbele, mimi nyuma. Nilitaka kumshukuru nikakosa pa kuanzia. Alikuwa na haki ya kunisema, nami nilikuwa tayari kusemwa. Tulipofika kwenye njia inayogawanyika, moja kwetu na nyingine ghalani, akasimama.

"Hivi," akasema, ananitazama kwa mara ya kwanza tangu nianze kwenda kwenye hoteli ile, "hilo yai likiwa mdomoni linakuwaje?"

Nilimshika mkono tukaingia njia ya ghalani. Nikatafuta lenye alama ya siku ile ile, nikawasha moto, nikamkaangia. Alikula taratibu, lote, mpaka ute uliobaki pembeni ya sahani. Akafuta midomo kwa pindo la shuka.

"Chumvi haikutosha," akasema. "Kaanga lingine."